Robini wa Sheffield Aimbaye Usiku

Robini wa Ulaya, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, husikika akiimba katika miji ya Uingereza hata saa nane usiku. Macho yake ni makubwa kwa umbo lake, hivyo mwanga hafifu humtosha. Kwa muda mrefu lawama ziliangukia taa za barabarani, eti humfanya adhani kumekucha. Mwaka 2007 watafiti walioshughulikia robini wa mji wa Sheffield walichapisha matokeo tofauti: ndege hao waliimba usiku zaidi pale penye kelele nyingi mchana, na kelele hizo zilieleza jambo hilo vizuri kuliko mwanga.

Hoja hiyo ina mashiko. Wimbo ndio mpaka wa robini. Usiposikika, jirani huvamia. Majira ya baridi hata jike hulinda eneo lake, naye huimba. Ngurumo za magari zikimeza sauti mchana, kunabaki usiku tu. Lakini kuimba hula nguvu, na ndege wa gramu 18 hivi huhitaji akiba yake ya mafuta mwilini ili aione asubuhi ya baridi.