Sarafu Chini ya Ukoka

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na kila nitakachosimulia kimetokea kweli.

Nendeni nami kwanza hadi Marekani, kwenye bustani ya umma ya mji wowote mkongwe, asubuhi kabla watu wa mazoezi hawajajaa. Mtamwona mtu anatembea polepole mno. Mkononi ameshika fimbo ndefu, na mwishoni mwa fimbo kuna sahani ya mviringo. Anaipitisha sahani hiyo juu ya majani, kushoto na kulia, karibu kabisa na ardhi bila kuigusa. Masikioni amevaa hedifoni. Mara anasimama. Anairudisha sahani pale alipotoka kuipitisha, mara ya pili, mara ya tatu, kisha anapiga magoti na kutoa kisu cha kuchimbia. Mtu huyu anatafuta sarafu za zamani.

Mtauliza, kwa nini bustanini? Basi fikirini watu walikuwa wanafanya nini humo miaka mia moja iliyopita. Jumapili familia zilikwenda kusikiliza bendi, kula chakula walichobeba na kujilaza kivulini. Baba akilala chali, mfuko wa suruali unalegea na kilichomo kinateleza. Watoto walibingirika mteremkoni huku wamefumbata senti za kununulia peremende. Wachuuzi walirudisha chenji kwa haraka. Sarafu ikianguka kwenye sakafu inalia na mwenyewe anageuka; ikianguka kwenye nyasi, hakuna anayesikia. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hawazunguki ovyo. Hutafuta kwanza picha na ramani za zamani, wakaona jukwaa la bendi lilisimama wapi na njia ya miguu ilipita wapi. Kisha huenda moja kwa moja hapo, au chini ya miti mikubwa kuliko yote, kwa sababu mti mkubwa leo ndio uliotoa kivuli enzi za babu zao.

Lakini sarafu iliyoanguka juu ya ardhi imefikaje chini ya ardhi? Hakuna aliyeifukia. Kazi hiyo hufanywa na nyungunyungu. Hawa viumbe wanyonge hula udongo huko chini na kuutoa juu, kidogo kidogo, mchana na usiku, hata kitu kilichokuwa juu ya nyasi kinajikuta kimefunikwa. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima kuhusu kazi yao. Ongezeni majani yanayooza kila mwaka na mvua inayolainisha ardhi, na sarafu inazidi kwenda chini. Mashine nyingi za bustanini huisikia ikiwa imeshuka kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Ikishuka zaidi ya hapo, sauti inafifia.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, maana haina uchawi. Ndani ya ile sahani mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita kwenye koili ukibadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo hutokea ugasumaku unaoingia ardhini. Ugasumaku huo ukikutana na metali, ndani ya metali huzuka vijito vidogo vya umeme. Vijito hivyo navyo hutengeneza ugasumaku wao, dhaifu sana, na koili ya pili ndani ya sahani huunasa. Mashine inalia. Hailii sauti moja kwa kila kitu, kwa kuwa fedha na shaba hupitisha umeme vizuri kuliko risasi au chuma. Mwenye sikio zuri husikia tofauti hiyo kabla hajachimba.

Mmoja wa watu wa kwanza kujaribu mashine ya namna hii alikuwa akitafuta risasi ndani ya mwili wa rais. Tarehe 2 Julai 1881, James Garfield, Rais wa Marekani, alipigwa risasi mjini Washington. Madaktari hawakujua risasi moja ilikwama wapi. Alexander Graham Bell, yule yule aliyejulikana kwa simu, akaunda kifaa cha kuisikiliza. Alikijaribu kwa askari wa zamani waliobaki na risasi miilini tangu walipokuwa vitani, na kikafanya kazi. Alipokipeleka kando ya kitanda cha Rais, kilichanganyikiwa. Inaelezwa kwamba godoro lilikuwa na springi za chuma. Isitoshe, daktari mkuu alitaka upande wa kulia ndio upimwe, na risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Kisa hicho hunisikitisha kila nikikisimulia, kwa sababu kifaa kilikuwa kizuri, ila hakikuelekezwa mahali penyewe.

Turudi bustanini. Sarafu inayotafutwa sana huko ni ya fedha halisi. Mpaka mwaka 1964, sarafu za Marekani za senti 10 na senti 25 zilikuwa na asilimia 90 ya fedha. Kuanzia 1965 zikawa za shaba na nikeli. Kwa hiyo yeyote anayefukua sarafu ya aina hizo yenye mwaka wa kabla ya hapo hujua ameshika madini ya thamani. Wengine hufurahia zaidi ile senti moja ya shaba iliyotengenezwa tangu 1909 hadi 1958, yenye masuke mawili ya ngano mgongoni, ingawa bei yake ni ndogo. Nami nawaunga mkono. Ile senti ilipita mikononi mwa watu wasioandikwa kwenye vitabu, vibarua na wapishi na watoto wa shule, na sijui kitu kingine cha bei ndogo hivyo kinachoweza kutusogeza karibu nao.

Msidhani kila mlio ni sarafu. Mara nyingi ni msumari, karatasi ya kufungia chakula, au vile vipete vya kufungulia makopo ya soda ambavyo miaka ya 1960 na 1970 watu walivivuta na kuvitupa popote. Vipete hivyo hulia karibu sawa na pete ya dhahabu, basi mtafutaji hana budi kuchimba vyote. Wenye adabu ya kazi hubeba mfuko wa takataka na kuondoka navyo.

Kuchimba kwenyewe kuna ufundi. Mtu hakati shimo kama anayepanda muhogo. Hukata ukoka pande tatu, upande wa nne ukabaki umeshika mizizi, halafu huufunua ukoka kama anayefungua kitabu. Udongo huuweka juu ya kitambaa. Akishatoa kitu, hurudisha udongo wote, hufunika ukoka na kuukanyaga, na kama kuna jua kali huumwagia maji. Na sarafu yenyewe haisuguliwi kwa kidole pale pale! Chembe za mchanga huikwaruza, na mkwaruzo hauondoki.

Kabla ya hayo yote kuna ruhusa. Bustani ya umma ni ya watu wote, na kwa sababu hiyo hasa hakuna mmoja anayeweza kuifukua apendavyo. Jijini New York lazima mtu awe na kibali cha idara ya bustani, na si kila bustani inaruhusiwa. Katika hifadhi za taifa za Marekani mashine hizi ni marufuku kabisa. Na sheria ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kale yenye umri wa miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali kuu. Wapo wanaonung'unika kwamba sheria hizi zinawanyima raha. Sikilizeni kisa kinachofuata, ndipo mtaona kwa nini siungani nao.

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza, mkulima aitwaye Peter Whatling alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na mashine yake amsaidie kuitafuta. Lawes alikuwa mtunza bustani mstaafu. Akaanza kupitapita shambani, na mashine ikalia kwa nguvu. Alipochimba, alikuta kijiko cha fedha. Kikafuata kingine, kisha vito vya dhahabu, kisha sarafu, nyingi mno.

Wengi wangeendelea kuchimba mpaka giza liingie. Lawes aliacha. Alitoa taarifa, na kesho yake wanaakiolojia wakaja. Kwa kuwa alisimama mapema, waliweza kuona mambo ambayo koleo lingeyafuta kwa dakika moja. Waliona alama za sanduku la mbao ya mwaloni lililokwisha kuoza. Waliona kwamba ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo, na kwamba baadhi ya vyombo vilipangwa kwa nyasi kavu ili visigongane. Mtu aliyefukia hazina ile hakuwa mwizi anayekimbia. Alikuwa mtu aliyepata muda wa kufunga mali yake taratibu, akitarajia kuirudia.

Sarafu zilizidi 14,000, za dhahabu na fedha, za dola ya Kirumi. Zile za mwisho zilitengenezwa miaka ya 407 na 408, wakati utawala wa Roma nchini Uingereza ulipokuwa ukivunjika. Karibu sarafu zote za fedha zilikuwa zimekatwa kingo. Sarafu mpya hazikuwa zikifika tena kutoka ng'ambo, na vipande vilivyokatwa viliyeyushwa kutengeneza nyingine. Palikuwa na bangili ya dhahabu iliyotobolewa jina la bibi mmoja, Juliana. Palikuwa pia na vyombo vinne vya fedha vya kuwekea pilipili manga, na pilipili manga nyakati hizo ilitoka India. Fikirini safari yake, kwa majahazi ya bahari yetu hii ya Hindi, mpaka meza ya tajiri wa Hoxne!

Lawes alilipwa fidia ya pauni 1,750,000, akagawana na Whatling. Na nyundo? Ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina. Miaka minne baada ya ugunduzi huo Uingereza ilipitisha sheria mpya ya hazina, inayomtaka aliyepata hazina atoe taarifa ndani ya siku 14, na ukaanzishwa mpango wa kuandikisha hata vitu vidogo ambavyo sheria haivitaji. Vitu vilivyoandikishwa vimeshapita milioni moja na nusu, na vingi vililetwa na watu wenye mashine kama ile ya bustanini.

Sasa tuje kwetu, maana jambo hili linatugusa kuliko mnavyodhani. Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, palikuwa na masultani waliotengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili yalipangwa yapatane kwa vina. Ni nchi chache zilizotia ushairi kwenye pesa zao! Lakini sarafu hizo, kwa kawaida, hazikuandikwa mwaka. Mtu akikuletea moja mkononi, haikwambii peke yake ni ya zamani kiasi gani. Wanaakiolojia wamejua kwa kutazama tabaka la udongo ilimolala, na vigae vilivyokuwa pembeni yake.

Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana na pwani. Kwenye dirisha la duka la vitu vya kale ingekuwa kipande cha shaba chenye maandishi mazuri tu. Kwa kuwa inajulikana ilitoka wapi, ni ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyounganisha bara na pwani.

Nyingine zilifika mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akaokota sarafu kadhaa mchangani, akazitia kwenye kopo. Hazikutambuliwa mpaka mwaka 1979: tano zilikuwa za Kilwa. Sarafu za Kilwa, Australia! Bahati njema ni kwamba Isenberg alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Kwa ramani hiyo, mwaka 2013 kikundi cha watafiti kilirudi visiwani, kikajua pa kuanzia.

Kwa hiyo mkitembea ufukweni Kilwa, Pemba, Lamu au Mafia, na maji yakafunua kisarafu cheusi kilicholika, msikitie mfukoni wala msimuuzie mgeni. Tanzania na Kenya zina sheria zinazolinda mali kale, na kitu hicho ni cha wote. Kipigeni picha pale pale kilipo, na pembeni mweke kitu cha kuonyesha ukubwa wake. Andikeni tarehe, jina la mahali, na mti au ukuta ulio karibu. Kisha kamwiteni mwalimu, au ofisa wa mambo ya kale wa eneo hilo, aje akione kabla hakijaguswa.