Kamera Kubwa ya Mtumba: Namna ya Kuianza na Kuzitibu Kasoro Zake

Utangulizi

Makala haya yananuia kumwelekeza mwanafunzi aliyepata kamera kubwa ya mtumba katika hatua za mwanzo za kuitumia, na hasa katika kuzigundua kasoro zake na kuzitibu. Kamera inayozungumziwa hapa ni ile inayopokea filamu ya kipande kimoja kimoja, chenye ukubwa wa inchi 4 kwa 5, yaani takribani sentimita 10 kwa 12.5. Eneo la kipande hicho linazidi mara 13 ya picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ndiyo maana hata herufi ndogo pamoja na nukta zake huhifadhika humo.

Huenda msomaji akashangaa kuiona mada hii katika jarida la Kiswahili. Sababu ni hii. Katika utafiti wangu wa uzamili nilihitaji nakala ya utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, ambao umo mikononi mwa mzee mmoja wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Mzee aliniruhusu kuusoma, lakini alikataa katakata upigwe picha kwa simu. "Mjukuu wangu," aliniambia, "picha ya simu haina mwenyewe. Leo iko kwako, kesho iko kwa watu nisiowajua." Tulikubaliana nitumie filamu, kisha negativu zote zirudi kwake, nami nibaki na chapa moja ya karatasi kwa ajili ya utafiti. Hivyo ndivyo nilivyoinunua kamera hii jijini Nairobi, kutoka kwa familia ya mpiga picha mstaafu. Niliinunua kwa pupa, na pupa hiyo ilinigharimu jambo ambalo halikuweza kurudishwa.

Kamera na Majina ya Viungo Vyake

Kamera yenyewe ni Crown Graphic, iliyotengenezwa na kampuni ya Graflex ya Rochester, Marekani, kati ya 1947 na 1973. Ndugu yake mkubwa, Speed Graphic, alitangulia mnamo 1912 na akawa kamera ya waandishi wa habari wa Marekani kwa miongo mingi. Picha mashuhuri ya askari wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima, aliyoipiga Joe Rosenthal mnamo Februari 23, 1945, ilipigwa kwa Speed Graphic. Tofauti kubwa ya hizo mbili ni kuwa Speed Graphic ina kilango cha pili cha pazia mbele ya filamu, ilhali Crown Graphic hutegemea kilango kilicho ndani ya lenzi peke yake. Kwa anayeanza, kilango kimoja ni kasoro chache za kutafuta.

Kimsingi kamera hii ni sanduku lenye viungo vinne. Mbele ipo lenzi, iliyofungwa katika kibao chake. Katikati upo mvukuto, ambao kwa umbo ni jamaa wa mvukuto wa mhunzi: ngozi au kitambaa kilichokunjwa kunjwa, kinachorefuka na kufupika huku kikizuia mwanga. Nyuma kipo kioo cha ukungu, ambacho taswira huonekana juu yake kabla ya picha kupigwa. Cha mwisho ni kibebeo, yaani kisanduku bapa kinachochukua vipande viwili vya filamu, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa na kifuniko cha kuchomoa.

Vitendo navyo vina majina yanayojitosheleza. Kilango cha lenzi hutegwa kisha hufyatuliwa, kama mtego. Filamu iliyokwisha kupigwa husafishwa, kama walivyozoea kusema mafundi wa studio zetu. Mimi mwenyewe nilipoanza kuandika maelezo ya kamera hii kwa Kiswahili nilidhani ningekwama katika kila sentensi. Sikukwama ila mara chache, kwa sababu kila kiungo kilikubali kuitwa kwa kazi yake.

Hatua za Mwanzo

Kwanza, weka kamera juu ya kiweko imara cha miguu mitatu, kwa kuwa ina uzito unaozidi kilo 2 na haivumilii mtikisiko. Fungua lenzi, jifunike kichwa na kioo kwa kitambaa cheusi, kisha sogeza lenzi mbele na nyuma hadi taswira iwe dhahiri. Utaiona kichwa chini miguu juu. Usifadhaike. Taswira hiyo imezungushwa tu, haikugeuzwa kama ya kwenye kioo cha kujitazamia. Hata maandishi yanasomeka ukiinamisha kichwa. Tumia kikuzi, maana jicho tupu hudanganyika upesi.

Pili, jifunze kupakia filamu mchana, kwa kipande kilichoharibika, ukiwa umefumba macho. Filamu halisi hupakiwa katika giza totoro. Kona moja ya kila kipande ina vidato vidogo vinavyohisika kwa kidole: ukikishika kipande kikiwa kimesimama wima na vidato vikawa juu upande wa kulia, basi upande wenye dawa unakutazama. Kifuniko cha kibebeo nacho kina pande mbili. Kwa desturi, ukingo mweupe ukiwa nje filamu haijapigwa. Ukingo mweusi ukiwa nje imekwisha kupigwa.

Tatu, fuata mpangilio uleule kila mara: lenga, funga kilango, punguza tundu la lenzi, chagua kasi, tega, ingiza kibebeo, chomoa kifuniko, fyatua, rudisha kifuniko upande mweusi ukiwa nje. Chagua kasi kabla ya kutega, hususan kasi ya juu kabisa, kwani vilango vingi vya zamani havipendi kulazimishwa baada ya kutegwa.

Filamu ni ghali. Kwa mazoezi, tumia karatasi ya kuchapia picha za rangi nyeusi na nyeupe, iliyokatwa kwa kipimo cha kibebeo. Hiyo hupakiwa na kusafishwa chini ya taa nyekundu, na wepesi wake wa kupokea mwanga unaweza kukadiriwa kuwa 6 hivi, ukilinganishwa na 100 au zaidi wa filamu nyingi. Laiti ningalifanya hivyo kabla ya safari!

Kutafuta Chanzo cha Kasoro

Safari ya kwanza nilipiga vipande vinane. Niliposafisha nilikuta mambo mawili. Kila kipande kilikuwa na wingu jeusi katika kona ileile, ambalo kwenye chapa lingekuwa weupe mtupu. Aidha, maandishi hayakuwa dhahiri: nukta za herufi zilikuwa zimeungana, hata te na the hazikutofautika. Vipande viwili kati ya hivyo vilikuwa na kasoro ya tatu, mstari mweusi ukingoni.

Nilianza kulaumu kila kitu kwa pamoja, dawa, lenzi na bahati. Kisha nikakumbuka somo tulilofunzwa kuhusu uhakiki wa miswada. Kosa linalojitokeza katika nakala zote huelekea kuwa limetoka kwa nakala mama. Kosa la nakala moja ni la mnakili wake. Nilivipanga vipande vyangu mezani kama nakala nane za utenzi mmoja. Mstari wa ukingoni ulikuwa katika vipande viwili tu, na vyote viwili vilitoka katika kibebeo kimoja: kasoro ilikuwa ya kibebeo hicho. Wingu la konani lilikuwa katika vyote, na lilizidi kuwa zito pale kifuniko kilipokaa nje muda mrefu: kasoro ilikuwa ya sanduku lenyewe, yaani mvukuto. Ukosefu wa udhahiri nao ulikuwa katika vyote, ingawa kwenye kioo nilikuwa nimeuona mstari barabara: basi kioo na filamu havikukaa mahali pamoja.

Ili uchunguzi huu uwezekane, sharti kila kibebeo kiwe na alama. Mafundi wengine huchonga kidato kidogo kwenye ukingo wa kibebeo ili alama ijitokeze kwenye negativu yenyewe. Daftari nalo ni lazima: namba ya kibebeo, kasi, tundu, na urefu wa mvukuto.

Tiba

Tuanze na mvukuto. Usiku, zima taa zote, urefushe mvukuto kabisa, kisha ingiza tochi ndani ya kamera. Zunguka ukitazama, hasa kwenye kona za mikunjo, maana huko ndiko kunakochakaa kwanza. Wangu ulionyesha vitundu vitatu, vidogo kuliko kichwa cha pini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni mvukuto mpya, ambao ni ghali na hauagizwi kwa urahisi. Paka rangi nyeusi ya kitambaa kwa tabaka jembamba, mvukuto ukiwa umerefushwa, na uache ukauke vyema kabla ya kurudia. Rangi nzito itaizuia mikunjo isifunge. Hata baada ya hapo, tandaza kitambaa cheusi juu ya mvukuto unapopiga picha juani.

Kioo cha ukungu kina upande laini na upande wa kukwaruza. Upande wa kukwaruza ndio unaopokea taswira, nao hutakiwa kuielekea lenzi. Changu kilikuwa kimerudishwa kinyumenyume na mkono nisioujua, pengine baada ya kusafishwa. Kosa la unene wa kioo, milimita moja au mbili hivi, linatosha kabisa kuunganisha nukta. Kamera nyingi za aina hii zina pia bamba jembamba lenye mistari ya duara, linalokaa mbele ya kioo ili kuangaza kona. Usiliondoe ovyo, kwa sababu kukiwa hakuna bamba hilo mahali pa taswira hubadilika. Ili kuhakiki, weka filamu iliyoharibika ndani ya kibebeo, laza rula juu ya kingo zake, na upime kina hadi filamu. Ni takribani milimita 5. Kisha pima kina cha upande wa kukwaruza wa kioo kwa njia hiyohiyo. Vipimo viwili vikilingana, kazi imekwisha.

Kilango cha lenzi huzeeka kwa mafuta yake kuganda. Kasi za polepole ndizo huumia zaidi: sekunde moja huwa mbili. Rekodi sauti ya kilango kwa simu, kisha pima katika kompyuta muda ulio kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Kwa kasi za polepole njia hii ni ya kuaminika. Kamwe usitie mafuta kwenye vibamba vya kilango. Yatasambaa na kuvigandisha. Fyatua mara kadhaa kukizoeza, na kisipopona mpelekee fundi wa kamera. Kikiwa kinachelewa lakini hakibadiliki, andika kasi zake za kweli kwenye kadi na uzifuate. Kibebeo chenye mstari nacho nilikitenga, kwani manyoya ya mdomo wake wa kuzuia mwanga yalikuwa yameng'oka.

Kupiga Ukurasa wa Mswada

Kitu kikiwa karibu, mvukuto hurefuka na mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya umbali wa kutoka lenzi hadi kioo kwa urefu wa kitovu cha lenzi, kisha zidisha jawabu kwa lenyewe. Lenzi yangu ni ya milimita 135. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 25 ukipigwa kwa nusu ya ukubwa wake, mvukuto hufikia milimita 202 na ushei. Jawabu la kugawanya ni 1.5, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Hivyo basi, muda ambao kipima mwanga kimetaja huzidishwa kwa 2.25. Aidha, ili kamera na ukurasa viwe sambamba, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa ukurasa. Taswira ya lenzi ikijiona katikati ya kioo cha ukungu, umenyoosha. Mwanga wa dirishani unatosha. Usiulazimishe mgongo wa kitabu kufunguka.

Hitimisho

Nilirudi kwa mzee baada ya miezi mitano. Vipande vyote vya safari hiyo vilitoka safi, na nukta zinahesabika. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho ulikuwa umemeguka chini kwa kuliwa na wadudu, na kipande kilichopotea ndicho kilichokuwa na mwaka wa kunakiliwa. Katika safari ya kwanza sikuuandika mwaka huo kwa kalamu. Wino ulikuwa umefifia, nami nikaiamini filamu. Katika negativu ya kwanza, tarakimu mbili za mwanzo, 1 na 2, zinasomeka kwa taabu. Mbili za mwisho zimo ndani ya wingu. Ninachoweza kuandika katika tasnifu ni kwamba mswada ulinakiliwa ndani ya miaka ya 1200 Hijria, yaani kati ya 1785 na 1882. Karibu karne nzima imebaki wazi kwa sababu ya vitundu vitatu.

Kwa hivyo, anayeipata kamera kubwa ya mtumba asiikimbilie kazi yake kubwa. Aipige ukuta wa jirani kwanza, alinganishe vipande vyake kama mhakiki alinganishavyo nakala, na atibu kasoro moja baada ya nyingine. Na akiwa mbele ya mswada, kalamu itangulie kamera.