Maji ya Chumvi Si Maji ya Magadi

Ukitoka mjini Kitui kuelekea kusini, Mutomo hadi Ikutha, utakuta visima vilivyochimbwa kwa gharama kubwa ambavyo watu huteka maji yake kwa kukosa mengine. Maji yenyewe yana chumvi. Sabuni inakataa kutoa povu, chai inaharibika ladha, na birika linaota ukoko mweupe ndani. Mwulize mwanafunzi aliyemaliza juzi mada ya asidi na besi kama maji hayo ni asidi au besi. Wengi watajibu upesi kuwa ni besi. Hayana ukali wa limau, kwa hiyo wanaona lazima yawe upande wa pili.

Mwalimu anaweza kulipita jibu hilo kama kosa dogo la kidato cha kwanza. Mimi naona ndilo kosa la kushughulikiwa kabla ya mengine yote, hasa Kitui na Makueni, ambako familia huamua kila siku maji yapi ni ya kunywa, yapi ya kufulia na yapi ya ng'ombe.

Kipimo cha pH huhesabu kitu kimoja tu, nacho ni ioni za haidrojeni zilizo huru ndani ya maji. Chumvi ya mezani, yaani sodiamu kloraidi, haitoi ioni hizo wala haizinyakui. Yeyusha kijiko kimoja au vitano kwenye maji safi, pH itabaki 7 au karibu na hapo. Wingi wa chumvi hupimwa kwa kifaa kingine, kile kinachoangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa na pH ya 7.5 na maji yake yasinyweke, na kingine kikawa na 6.5 na maji yakawa matamu.

Mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Uswidi alieleza katika tasnifu yake kwamba vitu kama chumvi vikiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe zenye chaji. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, waliieleza tofauti ya asidi na besi kwa ufupi ambao bado tunautumia: asidi hutoa protoni, yaani ioni ya haidrojeni, na besi huipokea. Kipimo chenyewe cha pH kilikuwa kimekuja mwaka 1909 kutoka kwa Søren Sørensen, aliyeongoza idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, na kazi hiyo ilimlazimu kuandika namba zenye sifuri nyingi. Lita moja ya maji safi ina takriban gramu 0.0000001 ya ioni za haidrojeni. Badala ya kuandika yote hayo, alihesabu nafasi za desimali na kuandika 7.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wanakariri kwamba kipimo kinaanzia 0 hadi 14, na rangi za upinde wa mvua juu yake, kisha wanakisoma kama rula. Lakini kila hatua ni mara kumi. Kutoka 7 hadi 6 ioni zimeongezeka mara 10, na kutoka 7 hadi 4 mara 1,000. Maji ya ukwaju mkali huwa karibu na 3, na magadi yaliyoyeyushwa karibu na 10. Kati ya vitu hivyo viwili vya jikoni kuna hatua saba, yaani tofauti ya mara milioni 10.

Jiko la Ukambani lina kemia ya kutosha kufundishia muhula mzima. Chukua sufuria ya isyo, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, kunde au mbaazi. Mpishi anayetumia maji ya kisima huona nafaka zinakaa motoni mchana kutwa bila kuiva, kwa sababu kalsiamu iliyo kwenye maji magumu inakaza pektini, ile gundi inayoshika kuta za chembe za nafaka. Anatia magadi kidogo. Magadi, yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Kaboneti inaikamata kalsiamu na kuitoa kwenye maji, na wakati huohuo maji yanayoelekea upande wa besi yanailegeza pektini. Kuni zinaokolewa. Gharama yake ni kwamba besi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya mema makubwa ya maharagwe, kwa hiyo ncha ya kijiko inatosha. Ukikamulia nyanya au ukwaju sufuriani mapema, mambo yanageuka: asidi huiimarisha ile gundi na maharagwe yanabaki magumu. Wapishi wanaosubiri nafaka ziive ndipo watie nyanya wanafanya jambo sahihi kikemia, na wanastahili kuelezwa hivyo.

Ulimi peke yake hautoshi kuamua. Asali ya Kitui ni tamu, lakini asali kwa kawaida ina pH karibu na 4, kwa sababu kimeng'enya cha nyuki hugeuza sehemu ya sukari kuwa asidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya asali kukaa muda mrefu bila kuharibika. Rojo la maembe linalotengenezwa katika kiwanda cha Kalamba, Makueni, linafaidika na jambo hilohilo. Chini ya pH 4.6 bakteria wa sumu ya botulini hawawezi kukua, kwa hiyo embe lenye asidi ya kutosha linaweza kuhifadhiwa kwa joto lisilofika nyuzi 100, ilhali maharagwe ya mkebe yanahitaji joto kali chini ya shinikizo.

Mtaala wa 8-4-4 uliweka somo hili kidato cha kwanza na kulirudia kidato cha nne, na jaribio la kiashiria cha maua lilikuwamo. Linafaa kufanywa hivi. Ponda petali nyekundu za hibiskasi kwenye kinu kidogo, tia spiriti, chuja. Panga vikombe vitano: maji ya ukwaju, maji ya magadi, maji ya mvua, maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya mezani, na maji ya kisima. Dondosha kiashiria. Kikombe cha ukwaju kinakuwa chekundu, cha magadi kinakuwa kijani. Cha maji ya mvua na cha maji ya chumvi vinafanana, na hapo mwanafunzi anajionea kwamba chumvi haikuisogeza rangi hata kidogo. Kikombe cha kisima huenda kikaelekea kijani kidogo. Kilichokisogeza ni baikaboneti itokayo kwenye mawe, kitu tofauti na ile chumvi anayoionja. Kisha mwambie akwangue ukoko wa birika na kuudondoshea limau. Utatoa povu, kwa sababu ni kaboneti ya kalsiamu inayokutana na asidi na kutoa kabonidayoksaidi.

Mashambani kosa la kubahatisha lina hasara. Chokaa inahimizwa sana katika sehemu za magharibi na kati mwa Kenya, ambako udongo una asidi, na mbolea ya DAP huongeza asidi hiyo amonia inapogeuka naitreti. Mkulima wa Makueni hana sababu ya kuiga kabla udongo wake haujapimwa. Chokaa ikitiwa pasipohitajika, madini ya chuma na zinki hujifunga na mimea haiwezi kuyatumia.

Lililo zito zaidi ni dawa ya maji. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati huwa karibu na pH 5.6, kwa sababu yamebeba kabonidayoksaidi ya hewani. Asidi hiyo ni hafifu na haimdhuru mnywaji. Yakiingia kwenye tangi jipya la simenti, kuta hutoa haidroksidi ya kalsiamu na pH inaweza kupanda kupita 8. Kisha mtu anatia klorini. Klorini majini huwa katika sura mbili, na sura inayoua vijidudu kwa nguvu ni ile ya asidi ya haipoklorasi. Katika pH 6.5 takriban asilimia 91 ya dawa iko katika sura hiyo, katika 7.5 ni nusu, na katika 8.5 ni asilimia 9 tu. Kipimo cha dawa ni kilekile na chupa ni ileile. Shirika la Afya Duniani linashauri pH iwe chini ya 8 ili klorini ifanye kazi vizuri. Kwa hiyo tangi jipya linapaswa kujazwa na kumwagwa kabla ya kutegemewa, na kamati ya maji inayosimamia tangi la shule au zahanati inahitaji karatasi za pH kando ya chupa ya dawa. Karatasi itumbukizwe kwanza, ndipo dawa ipimwe.