KIPUPWE ZIWANI: UHAI WA MVUVI USIACHIWE BAHATI

Mwezi Juni unapoingia, wakazi wa Songea hutoa masweta na makoti sandukuni. Lakini baridi ya mtumishi aliye ofisini si baridi ya mvuvi wa Ziwa Nyasa, ambaye usiku huohuo yumo mtumbwini akivua usipa kwa mwanga wa taa, nguo zimelowa na upepo wa mwera unavuma kutoka kusini.

Wako wanaodhani kwamba ziwa letu haliwezi kumdhuru mtu kwa baridi, kwa kuwa hata katika kipupwe maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 23 hivi za Sentigredi. Dhana hiyo ni ya hatari. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37, na maji hulinyonya joto hilo kwa kasi ipatayo mara 25 ya ile ya hewa. Aliyelowa na kupigwa na upepo hutetemeka, vidole vikafa ganzi, hatimaye fikra zikapotea. Mkono usioweza kushika kasia humzamisha hata mwogeleaji hodari.

Mwera wenyewe si wa kudharauliwa. Tarehe 30 Julai 1946, meli Vipya, ikiwa katika safari zake za mwanzo, ilizama kwa dhoruba kaskazini mwa ziwa hili, na watu wapatao 145 wakapoteza maisha. Ikiwa meli ilishindwa, mtumbwi wa gogo utajigamba nini?

Basi ndugu zetu wa visiwani na mwambaoni wazingatie haya. Nguo kavu zihifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko. Sweta la sufu livaliwe, maana hutunza joto hata likilowa. Pamba haifanyi hivyo. Pombe isipandishwe chomboni, kwani huchangamsha ngozi huku ikiufuja moto wa mwili. Mtumbwi ukipinduka, usiachwe. Ung'ang'aniwe, kwa kuwa huelea na huonekana kwa mbali. Na huko kambini, jiko la mkaa lisiingizwe katika kibanda kilichofungwa: hewa yake ya sumu, isiyoonekana wala kunusika, huua waliolala.

Kwa upande wa viongozi, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, lakini utabiri unaoishia ofisini haumwokoi mtu. Ufikishwe kila mwalo kabla ya jua kutua, na bendera nyekundu ipandishwe siku ya hatari. Vilevile, sehemu ya ushuru wa samaki irudi kwa mvuvi kwa sura ya jaketi okozi. Marufuku peke yake haitoshi, maana anayetoka katika mwera mara nyingi hasukumwi na ukaidi, bali na deni la nyavu na watoto wanaosubiri chakula.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mvuvi alete kinga chake, na serikali ilete chake.