Mahari Ni ya Nani?

Katika mtaa wa Kapsoya, mjini Eldoret, watu wa makabila na dini mbalimbali wanaishi kwa ujirani. Kijana Mwislamu aposapo huko, huenda akatakiwa kutimiza mila ya wazee pamoja na sheria ya dini yake. Neno "mahari" hutumika katika yote mawili, lakini maana yake si moja, na hapo ndipo ugomvi huzuka.

Kwa mila ya Wanandi, kama kwa makabila mengine mengi, ng'ombe, kondoo na mbuzi hutolewa kwa baba na jamaa za binti. Mali hiyo huunganisha koo mbili. Ndoa ikivunjika, jamaa za mume huweza kudai irudishwe.

Kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe. Kurani, Sura An-Nisaa, aya ya 4, yaamuru wake wapewe mahari yao. Mwingine hana ruhusa kuila ila mke aridhie. Ikiahirishwa huwa deni, na mume akifa hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Mume akitoa talaka baada ya kumwingilia mkewe, hawezi kuidai. Akitoa kabla, na kiasi kilikwisha kutajwa, mke hupata nusu. Mke akiomba mwenyewe kujivua katika ndoa, ndipo huweza kutakiwa kuirudisha.

Je, mila iachwe yote? La. Zawadi wapewazo wazazi kwa hiari si haramu, ila haihesabiwi kuwa mahari ya mke. Lakini kumrithi mjane kwa nguvu kumekatazwa na aya ya 19 ya sura hiyo hiyo. Mjane asiye na mimba hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha yu huru.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa ya mila na ndoa ya Kiislamu. Zote mbili hazina budi kuandikishwa, na waoanao wawe wametimiza miaka 18. Waislamu wakigombana juu ya ndoa, talaka au urithi, na pande zote zikikubali, Kadhi huamua, kama isemavyo Katiba ya mwaka 2010.

Basi, kabla ya nikaha, wazee wakae na kuandika mbele ya mashahidi: hii ni mahari ya bibi arusi, na hii ni zawadi ya wazazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.