Baba anavuja jasho, mtoto mgongoni anapoa

Njia ya kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, inaanzia kwenye mita 1,860 hivi juu ya usawa wa bahari na kuishia mita 2,720. Ni matembezi ya siku moja ndani ya msitu mnene, na mkibahatika mtawaona mbega wakiruka mitini. Familia zenye watoto wadogo huipenda kwa sababu haiwalazimu kulala mlimani. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu humkalisha kwenye begi la kubebea mtoto, lile lenye fremu ya alumini na mkanda mpana wa kiunoni, kisha safari inaanza. Baada ya saa moja baba ameshavua sweta na shati limelowa mgongoni. Kwake yeye leo kuna joto. Mtoto, ambaye tangu asubuhi anatazama kisogo cha baba yake, hajainua hata mguu.

Hawa wawili wako kwenye njia moja lakini miili yao inaishi katika hali mbili tofauti. Misuli inapofanya kazi ya kupanda, karibu robo tu ya nishati inayochomwa hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto, na ndilo linalomtoa baba jasho. Mtoto ni abiria. Hachomi cha ziada, na kile kidogo anachozalisha kinamtoka haraka, kwa kuwa mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Mtoto wa kilo 12 ana ngozi ya zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba. Mtu mzima wa kilo 70 ana karibu mita 1.8 za mraba. Gawanya kwa kilo, utaona kwamba kila kilo ya mtoto ina ngozi ya kupotezea joto karibu mara moja na robo tatu ya ile ya baba.

Ongeza mlima wenyewe. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kutoka langoni hadi Mandara, basi, nyuzi tano hadi sita zimeshapungua kabla hujahesabu upepo, ukungu na manyunyu ya mchana ambayo msitu ule hauna uchoyo nayo. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili kwa kasi kuliko nguo kavu, na aliyekaa tuli ndiye wa kwanza kulisikia hilo. Mtoto aliyepoa kupita kiasi si lazima alie. Mara nyingi hunyamaza, analegea, anataka kulala, na mzazi anashukuru kwamba leo katulia.

Mama aliyembeba mwanawe kwa mbeleko hana haja ya kusoma haya. Tumbo la mtoto limelala juu ya mgongo wake, joto linapita moja kwa moja kutoka mwili hadi mwili, na habari nazo zinapita: mtoto kalala, kaamka, kajikojolea, ana homa, anatetemeka. Begi la fremu limekata njia hiyo ya habari. Na limeikata kwa makusudi, kwa maana watengenezaji huacha nafasi kati ya mtoto na mbebaji ili mgongo wa mbebaji upate hewa. Ni jambo jema kwa mgongo wa baba, na ndicho kiini cha tatizo lote tunalolizungumzia hapa. Anayebeba fremu hapaswi kuamini anachohisi yeye.

Kwa hiyo lazima habari zile zitafutwe kwa njia nyingine. Mtu mzima wa pili atembee nyuma, si mbele, ili mtoto aonekane muda wote. Msimame kila baada ya nusu saa hivi, mtoto ashuke, na mkono upite mahali pawili: shingoni kwa nyuma, ndani ya kola, kujua kama mwili wenyewe una joto, kisha miguuni. Miguu inasahaulika sana. Mtoto akiketi kwenye begi, suruali hupanda na kuacha kipande cha ngozi kati ya soksi na pindo, na kipande hicho ndicho kinachopigwa na upepo kwa saa nzima huku mikanda ya mapajani ikibana damu isishuke vizuri. Ukipita vijijini Marangu na mguu wa mtoto unaning'inia hivyo, hutakosa bibi wa kukusimamisha: "Mwanangu, mtoto unampeleka wapi miguu wazi? Mfunike!" Bibi yuko sahihi kisayansi. Soksi ndefu zinazofika magotini, vikanyagio vya kuegemeza nyayo kama begi linavyo, na dakika kumi za kuachwa atembee mwenyewe zinatibu sehemu kubwa ya tatizo. Kutembea huko kunawapunguzia wazazi mwendo, na ni sawa. Safari ya mtoto wa umri huu haipimwi kwa kilomita.

Mabegi haya, tukumbuke, ni wajukuu wa migongo ya Afrika kwa kiasi fulani. Muuguzi Mmarekani, Ann Moore, aliyehudumu Togo na Peace Corps mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliporudi kwao na kujifungua alitaka kumbeba mwanawe kama alivyowaona akina mama wa Togo. Mama yake mzazi, Lucy Aukerman, akamshonea, na mwaka 1969 kibebeo chao kilichoitwa Snugli kikapata hataza. Kilichosafiri kuvuka bahari ni wazo la kumweka mtoto karibu na mwili. Fremu ya mlimani imelirudisha nyuma kidogo wazo hilo ili kupata nafasi ya chupa za maji na nepi.

Mkao nao ni somo. Nyonga ya mtoto katika miaka ya kwanza bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na kichwa cha mfupa wa paja hukaa vizuri tunduni pale mapaja yanapotanuka na magoti kuwa juu kidogo ya makalio. Ndivyo mbeleko inavyomweka bila mtu kufundishwa. Madaktari waliopitia kumbukumbu za miaka kumi za hospitali ya mifupa ya watoto ya CURE mjini Blantyre, Malawi, walikuta watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa, na miongoni mwao ni tisa tu waliopasuliwa kwa sababu ya nyonga iliyokua vibaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na waandishi waliyahusisha na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Hayathibitishi kila kitu, kwani urithi nao una sehemu yake, lakini yanatosha kumfanya mnunuzi wa begi aangalie kiti. Kiti chembamba kinachomning'iniza mtoto kwa kinena, miguu ikielekea chini, kiache dukani.

Na mbebaji je? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanyika Kenya. Wanawake wa Kijaluo waliobeba mzigo kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi. Ni ustadi wa tangu utotoni, usiopatikana kwa kununua begi Ijumaa na kupanda Jumamosi. Tena hesabu ya begi hudanganya: mtoto kilo 12, begi lenyewe kilo 3, maji, chakula na nguo kilo 3 nyingine. Hizo ni kilo 18, na kwa mama wa kilo 60 hiyo ni asilimia 30, mbali na kwamba mzigo wenyewe hujipinda kushoto ghafla ukiona ndege. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na kukazwa kwanza, kabla ya ile ya mabegani. Kwenye mteremko, ambako magoti hulipia zaidi, bora abebe yule ambaye hajachoka, hata kama zamu si yake.

Ajali kubwa ni kuanguka: mtoto kuchomoka kwenye begi, au mbebaji kujikwaa naye. Baba akiinama kufunga kamba ya kiatu, mtoto anaweza kupita juu ya kichwa chake. Chuchumaa kwa magoti, mgongo wima. Na kichwa cha mtoto kiko juu kuliko chako, kwa hiyo tawi ulilolikwepa kwa kuinamisha shingo linamsubiri yeye usoni.

Usingizi utakuja, hilo halina ubishi. Kumi Kuroda na wenzake wa taasisi ya RIKEN, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea, mapigo ya moyo wake hushuka na kilio hukatika kwa haraka. Lakini aliyelala kwenye fremu huangusha kichwa, na kidevu kikigusa kifua njia ya hewa hujikunja. Ndiyo maana begi la fremu ni la mtoto anayeketi mwenyewe bila kushikwa, yaani miezi sita na kuendelea, na hata huyo kichwa chake kiegemezwe kwa nguo iliyokunjwa. Kumfunika gubigubi kwa kanga ili asipigwe na jua si suluhisho; anakosa hewa na mvuke wa joto unabaki humo. Kofia pana na kivuli cha begi vinatosha pamoja na losheni ya kuzuia jua, maana miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, hata siku ya mawingu. Kwa mtoto mwenye ualbino, ondokeni alfajiri na mrudi kabla jua halijawa kali.

Kuhusu oksijeni, kwenye mita 2,720 shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko Dar es Salaam. Watu wazima wengi huhisi pumzi fupi tu. Mtoto asiyejua kusema "kichwa kinauma" atalalamika kwa njia zake: atakataa uji, atakataa kucheza, atatapika, atalia bila kubembelezeka. Mlimani chukulieni kuwa ni mwinuko hadi ithibitike vingine, na dawa yake ni kushuka mara moja. Wataalamu wa tiba ya milimani huwa waangalifu hasa na kumlaza mtoto wa umri huo juu ya mita 2,500. Kwenda Mandara na kurudi siku hiyo hiyo ni jambo tofauti na kulala pale.

Wapo wasiopaswa kupelekwa bila kumwona daktari kwanza, na kwetu kundi kubwa ni watoto wenye seli mundu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wengi zaidi duniani. Baridi, upungufu wa maji na oksijeni kidogo, vyote vitatu, huweza kuamsha maumivu yao, na mlima unavitoa vyote kwa pamoja. Wenye matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo, na wale ambao kifua hakijapona mafua ya juzi, wasubiri pia.

Halafu kuna homa ya baadaye. Msitu wa juu hauna mbu wa malaria wa kuogofya, lakini familia nyingi hulala njiani, Korogwe au Mombo au Moshi mjini, na vimelea vya malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa hadi homa kuanza. Mtoto akichemka wiki moja au mbili baada ya safari, msiseme ni baridi ya mlimani imemwingia. Apimwe siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe mlilala wapi.