Moli si uchawi, ni kama korija

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea daftari la kemia, machozi yakimlengalenga. "Mjomba, hesabu za moli zimenishinda. Bora niache hiyo ndoto ya ufamasia." Binti huyu tangu yu mdogo anasema atakuja fungua duka la dawa. Najua wenzake wako katika nyumba nyingi za hapa Pwani, na wazazi wanaosema, "Mimi kemia sikusoma, nitamsaidiaje?"

Mzazi mwenzangu, waweza kumsaidia.

Moli ni jina la idadi, basi. Boriti huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni 20. Vikombe twanunua kwa dazani, yaani 12. Wanakemia nao wana fungu lao, moli, ambayo ni chembe 6.022 × 10²³. Fungu limekuwa kubwa hivyo kwa sababu atomu ni ndogo mno.

Ni nani atakaa azihesabu? Hakuna. Hata mchele hatuhesabu punje, twapima kwa mizani. Ndiyo maana kila elementi imepewa uzito wa moli moja, nao unapatikana kwenye jedwali la elementi. Kaboni ni gramu 12, oksijeni 16, kalsiamu 40.

Tuchukue mfano wa kwetu, tanuu ya chokaa. Mawe ya matumbawe sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, ambayo fomula yake ni CaCO₃. Ile 3 ndogo ni ya oksijeni peke yake. Kwa hivyo moli moja ina uzito wa 40 + 12 + (3 × 16), jumla gramu 100.

Mawe yakichomwa, hutokea hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moli moja ya jiwe hutoa moli moja ya chokaa na moli moja ya hewa ya kaboni dioksidi. Chokaa, CaO, ni 40 + 16, yaani gramu 56. Hewa ni gramu 44. Ukijumlisha, 100 imerudi. Hakuna kilichopotea.

Sasa swali la mtihani: kilo 25 za kalsiamu kaboneti safi zitatoa chokaa kiasi gani?

Kwanza, geuza gramu ziwe moli: 25,000 ÷ 100 = moli 250.
Pili, tazama mlinganyo: moja kwa moja, basi chokaa nayo ni moli 250.
Tatu, rudisha moli ziwe gramu: 250 × 56 = 14,000, yaani kilo 14.

Kilo 11 zilizobaki zimepanda hewani. Ndiyo sababu jiwe hutoka tanuuni likiwa jepesi kuliko lilivyoingia.

Nikarudi kwenye daftari la mpwa wangu. Hatua zote tatu alikuwa anazijua! Kosa lilikuwa moja tu: alijumlisha 40, 12 na 16, kisha akazidisha zote kwa 3, akapata 204. Kila jibu lililofuata likaharibika. Mtoto alidhani kemia nzima imemshinda, kumbe ni namba moja ndogo.

Basi mtoto akikwambia "sijui chochote," usimkubalie upesi, wala usimfokee. Mwambie akuelezee hesabu kwa sauti, mstari mmoja baada ya mwingine, hata kama wewe huelewi. Pale atakaposita ndipo penye tatizo. Apatie alama mahali hapo, aende nao kwa mwalimu au kwa mwanafunzi aliyemtangulia. "Sielewi kwa nini hii 3 haizidishi kalsiamu" ni swali linalojibika kwa dakika mbili. "Sielewi moli" halijibiki hata kwa juma zima.

Kuuliza si ujinga. Ila mfundishe mwanao kuuliza mahali penyewe.

Mpwa wangu alirudia hesabu ile palepale mezani. Alipopata 100, alifuta machozi, akaomba nyingine.